Mwanamke Aliyemsomea Royce Tarrant

Kabla hajawa mtu wa sinema, Verna Lindquist alikuwa mwalimu wa shule ndogo huko Duluth, kaskazini kwenye baridi ya kupasua mawe. Alifika Los Angeles mwaka 1931, akiwa na miaka ishirini na sita, kwa sababu kifua cha dada yake Sigrid kilikuwa kimeshindwa na baridi ile, na daktari alisema bila jua hatamaliza mwaka. Wakapanga nyumba ya mbao mtaa wa Fountain, yenye mlimau mmoja uani. Sigrid akawa anashona mapazia ya watu. Verna akapata kazi ya kupiga chapa katika Studio ya Halcyon.

Wasichana wengi wa chumba kile cha mashine walikuwa wakingoja siku ambayo mwongozaji wa filamu angepita mlangoni akaziona sura zao. Verna hakuwa na la kungoja. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miguu mikubwa kama ya mwanamume, na alijijua. "Mimi Mungu alinipa vidole," alikuwa akiwaambia wenzake. "Sura aliwagawia nyie, na bado hamshibi."

Siku moja ya mwaka 1934, wenzake walipokwenda kula, mtu alisimama mlangoni ameshika kofia mkono mmoja na mswada wa filamu mkono mwingine. Verna alimjua kwa mbali. Alikuwa mmoja wa vijana wa farasi, wale wanaolipwa kuanguka. Miaka minne alikuwa akidondoka kutoka kwenye farasi nyuma ya mastaa, mpaka mwongozaji mmoja akamsikia akimtukana farasi wake, akasema: sauti hiyo haiwezi kuachwa mavumbini. Wakampa suti, wakampa nafasi ya kusema, wakamwita Royce Tarrant. Jina la kwao Nebraska lilikuwa Elmer Stubbe.

"Samahani. Wanasema wewe ulikuwa mwalimu."

"Nilikuwa. Sasa napiga chapa. Una shida gani?"

"Nataka unisomee hii."

"Kwani macho yako yana nini?"

"Macho mazima." Aliufunga mlango, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtoto aliyeitwa ofisini. "Herufi ndizo zinazonikimbia, Mwalimu. Nikizitazama zinatawanyika kama ng'ombe waliosikia radi. Darasa la pili nilikaa miaka mitatu. Nilichapwa mpaka baba mwenyewe akasema heri nikachunge."

Verna alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Kisha alimtazama usoni, kicheko kikamkauka.

"Ukimwambia mtu nimekwisha," alisema yule bwana. "Watanirudisha kwenye farasi, na mgongo wangu hautaki tena."

"Sitamwambia mtu."

"Apa."

Verna aliapa kwa uhai wa dada yake, kisha akasoma. Kurasa nne. Royce alifumba macho, akasikiliza bila kutikisika. Verna alipomaliza, yule bwana akazirudia kurasa zote nne neno kwa neno, maneno yake na ya mwanamke wa filamu ile, mpaka na maelekezo: "Anatembea hadi dirishani. Anageuka."

"Hilo la dirishani husemi, unalifanya," Verna alimwambia.

"Aa," alisema Royce. "Basi ndiyo maana nakuhitaji."

Ikawa hivyo miaka kumi na tisa. Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya watu wa poda na rangi kufika, Verna alikuwa chumbani kwa Royce Tarrant akisoma, na Royce amefumba macho, kikombe cha kahawa juu ya goti. Aliigiza masherifu, madaktari, manahodha wa meli, na padri mara mbili. Wanawake wa nchi nzima walimwandikia barua kwa magunia, na studio ikawa na watu wa kuzijibu. Studio ilimwandika Verna kuwa katibu wake, na watu wakasema wanayoyasema watu.

"Huko sokoni wanasema wewe ni kimada wake," Sigrid alimwambia siku moja, sindano mdomoni.

"Waache. Midomo yao, mate yao."

"Lakini si kweli?"

"Ningekuwa kimada wa Royce Tarrant ningekuwa bado navaa viatu hivi?"

Kama alimpenda, hakumwambia hata Sigrid. Alichokuwa nacho ni kujua, na kujua nako kunamfunga mtu. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwa nini Royce anaagiza nyama ya kuchoma kila mgahawa bila kufungua karatasi ya vyakula. Ndiye aliyejua kwamba gazeti la kwapani lilikuwa pambo, na kwamba akiigiza redioni, amesimama mbele ya kipaza sauti na karatasi mkononi, alikuwa akigeuza ukurasa pale tu alipowaona wenzake wanageuza. Wake zake wawili walikuja na kuondoka. Wa kwanza alikwenda Boston na binti yao mdogo, Corinne. Siri ya mtungi iulize kata, na kata ya Royce Tarrant ilikuwa ni Verna.

Mwaka 1951 ndipo lilipoanza. Asubuhi moja Royce alirudia ukurasa, akaruka sentensi nzima katikati. Verna alimsahihisha, wakacheka. Wiki iliyofuata akaomba asomewe mara tatu. Verna akasema moyoni ni uchovu, ametoka kuigiza filamu mbili mfululizo. Kufika majira ya baridi, ilikuwa saa nzima kwa mistari kumi, na akifika mbele ya kamera mitano imeshapotea.

"Soma tena, Mwalimu."

"Nimesoma mara sita."

"Basi unasoma vibaya!" Alikitupa kikombe ukutani. Kisha akakaa akiitazama kahawa inavyoteremka, akasema kwa sauti ndogo, "Zamani zilikuwa zinaingia zenyewe. Sasa ni kama kumwaga maji kwenye chekeche."

Daktari wa studio alimdunga sindano za vitamini, akamwambia apunguze pombe. Royce hakuwa mlevi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Basi Verna akaanza kujificha. Alijikunja nyuma ya makochi akimnong'oneza maneno, akaingia ndani ya makabati, akalala chali ndani ya mtumbwi ulioelea kwenye ziwa la maji ya bomba. Mtu wa sauti, Ambrose, mwenye visikizio masikioni siku kutwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumgundua.

"Jamani, kwenye kabati hili kuna panya," alisema mbele ya watu wote. "Tena msomi, skripti yote anaijua!"

Watu waliangua kicheko, Royce naye akacheka, na Verna akatoka kabatini na vumbi kichwani, akapiga magoti ya heshima. Ambrose hakumsema kwa bosi. Kila jioni alikaa akiukata mnong'ono wa Verna kutoka kwenye utepe wa sauti, kipande kwa kipande. Watu wa studio ile hawakuwa wabaya, na pengine ndiyo maana jambo lenyewe lilikwenda mbali vile.

Mwaka 1953 wakampa filamu ya hakimu mzee, na mwishoni mwa filamu hakimu anatoa hotuba ya kurasa mbili. Mwongozaji alikuwa Orrin Blaisdell, mtu mnene mwenye huruma, aliyekwisha kufanya na Royce filamu saba.

"Hotuba tutamwandikia kwenye mabango," Orrin alimwambia Verna. "Herufi kubwa kama sahani, nyuma ya kamera. Siku hizi nusu ya hawa mastaa wanasoma mabango."

"Hapana, Orrin. Mabango hapana."

"Kwa nini?"

"Hayapendi."

"Hayapendi! Na mimi sipendi maini, lakini mke wangu akipika nakula. Verna, mimi namtakia mema."

"Najua. Niruhusu nikae chini ya meza ya hakimu, nimpe neno moja moja."

"Meza yote inaonekana, dada yangu. Hiyo miguu yako tutaificha wapi?"

Verna alipima moyoni. Akisema ukweli, kesho magazeti yote yatakuwa na staa asiyejua kusoma, na watoto watamchekea barabarani. Akinyamaza, mabango yatasimamishwa. Alikuwa ameapa kwa uhai wa Sigrid, na Sigrid alikuwa yuko nyumbani anakohoa. Akanyamaza.

Asubuhi ile mahakama ya mbao ilikuwa imejaa. Watu arobaini walikuwa kwenye viti, wamevaa kama wakulima, na taa zilikuwa zimewaka mpaka rangi ya meza ikanuka. Royce alikaa juu na joho jeusi na nywele nyeupe za bandia. Mabango matatu yalisimama bega kwa bega, yameandikwa kwa mkono mzuri.

"Kimya! Kamera!"

Royce aliyatazama. Verna, aliyesimama kando ya mabango, aliona macho yake yakienda huku na huku bila kutua, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta usio na mlango. Kisha macho yale yakamwona yeye. Verna alianza kuchezesha midomo bila sauti: *Ndugu zangu... nimekaa kiti hiki...* Royce alikunja uso, akaikodolea midomo ile. Halafu uso wake ukatulia, akaanza kusema.

Alisema vizuri kuliko alivyowahi kusema kwa miaka miwili. Aliwaaga watu wake mmoja mmoja, akawashukuru, akaomba radhi kwa dhoruba aliyowaingiza. Wanawake kwenye viti walianza kufuta macho. Verna peke yake ndiye aliyeelewa mapema. Ilikuwa hotuba ya nahodha, ya filamu ya mwaka 1936. Verna mwenyewe ndiye aliyemsomea, asubuhi moja ya mvua, na Royce hakukosea neno hata moja, si siku ile wala leo.

Orrin alimwacha mpaka akamaliza. "Kata," alisema, polepole. "Royce, ndugu yangu. Hiyo ni nini?"

"Si ndiyo?" Royce alimgeukia Verna. "Si ndiyo hiyo, Mwalimu?"

"Ilikuwa nzuri sana," alisema Verna.

"Nzuri, hakuna anayebisha," alisema Orrin. "Sasa soma bango. Liko mbele yako. Usihangaike kukumbuka, we soma tu."

"Taa zinaniumiza macho."

Wakazisogeza taa. Wakayasogeza mabango karibu. Mtu akaja na wino akazikoleza herufi, mwingine akamletea miwani ya kuazima. Kila mmoja alikuwa anasaidia, na kila msaada ulikuwa msumari. "Soma tu, mzee," walimhimiza kwa upole. "Neno la kwanza tu, mengine yatafuata." Mara ya nne kamera ilipowashwa, Royce alivua zile nywele nyeupe, akaziweka mezani taratibu, akasema, "Naomba niende nyumbani."

Nje, kwenye jua, Orrin alimshika Verna mkono. "Ulijua kwamba anasahau?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Na hukuniambia mimi." Hakupaza sauti. "Ningemtafutia kazi ya kukaa tu. Ningemtafutia hata ya kuwa maiti, Verna."

Wiki haikuisha, hakimu mwingine akakaa kwenye kiti kile, na studio ikatangaza kwamba moyo wa Bwana Tarrant unahitaji mapumziko. Verna alirudishwa chumba cha mashine, katikati ya wasichana waliomwita shangazi.

Jumapili alikuwa anapanda mlima kumtembelea Royce nyumbani kwake. Royce alimpokea mlangoni amevaa suti, tayari. "Tunaanza saa ngapi kesho? Zimefika kurasa?" Mwanzoni Verna alimwambia kwamba hakuna kazi kesho, na kila Jumapili lilikuwa pigo jipya, maana kila Jumapili Royce alikuwa kama hajawahi kulisikia. Mwishowe akawa anachukua miswada ya zamani, anamsomea. Royce alifumba macho kama kawaida, akarudia. Mistari mitano, siku nyingine mitatu. Ikafika pahali pa kumpa maneno manne manne, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

Katika majira ya kuchipua ya 1954 Corinne alikuja kutoka Boston. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, mrefu, mwenye kidevu cha baba yake, na hakuwa amemwona tangu akiwa na miaka sita. Alikuja kwa sababu mwanasheria alimwandikia kwamba kuna nyumba ya kufunga na mzee wa kupeleka kwenye uangalizi. Verna alimkuta Jumapili hiyo ameketi sakafuni katika chumba cha kazi, droo imetolewa nzima, na bahasha zimetandazwa zulia zima.

"Bi Lindquist, wewe ndiye katibu wake. Hebu nieleze hii." Alinyanyua bahasha. "Thelathini na moja. Nilianza kumwandikia nikiwa na miaka saba, nikaacha nikiwa na kumi na tano. Nilidhani zinapotea njiani. Nilidhani mama anazificha. Kumbe zilifika zote! Ametunza zote, na hakufungua hata moja. Hata moja! Mtu wa namna gani huyo?"

Verna alikaa kwenye kiti. Alikumbuka asubuhi moja, mwaka 1939 au 1940. Kwenye meza ya kujipodoa palikuwa na bahasha yenye mwandiko wa mtoto, herufi za kupanda na kushuka. Royce aliichukua haraka, akaitia mfukoni. "Nitaisoma nikifika nyumbani," alisema. Verna alijua vyema kwamba hawezi. Alingoja aombwe, hakuombwa, akasema basi, ni mambo ya familia ya watu. Akafungua mswada, wakaendelea na kazi.

"Alikuwa hajui kusoma," Verna alisema.

"Nani?"

"Baba yako. Hajawahi kujua. Mimi nilikuwa namsomea kazi. Barua zako nadhani aliona haya kunipa."

Corinne akacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyetukanwa. "Nyumba hii ina vitabu ukuta mzima."

"Vilinunuliwa pamoja na kabati."

"Kwa hiyo angeweza kumwambia mtu yeyote. Mpishi. Dereva. Wewe!"

"Angeweza."

"Na wewe ulijua anapata barua?"

Verna alitaka kusema hapana. "Niliona moja," alisema.

Corinne aliokota bahasha mbili za karibu, akainuka, akatoka barazani alikokaa baba yake juani na blanketi magotini. Verna alimfuata mpaka mlangoni, akaishia hapo. Msichana alivuta kiti, akaipasua moja, akaanza kusoma kwa sauti ya juu, kama mtu anayesoma mashtaka.

"Baba mpenzi. Hapa theluji imeanza kuanguka."

Royce alifumba macho. "Baba mpenzi," alisema, kwa ile sauti iliyojaza majumba ya sinema. "Hapa theluji imeanza kuanguka."

Corinne akasoma sentensi ya pili. "Nimepata meno mawili mapya na nimekuwa wa tatu darasani."

"Nimepata meno mawili mapya," alisema Royce. Akafumbua macho, akamtazama yule msichana kwa wasiwasi. "Samahani, binti. La mwisho nimelipoteza. Soma tena, nitalipata."

Alilisoma tena. Alisoma barua ile yote, mstari kwa mstari, na mzee akarudia alichoweza. Barua ya pili ilimshinda Corinne. Aliishika mkononi bila kuifungua mpaka jua likahama barazani na mwangalizi akatoka kusema kwamba Bwana anapaswa kuingia ndani.

"Mwambie," Corinne alimwambia Verna alipopita mlangoni. "Wewe anakusikiliza. Mwambie mimi ni nani."

Verna alijaribu. Alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika mikono, akamwambia huyu ni Corinne, mwanao, ametoka Boston. Royce alitikisa kichwa kwa adabu. "Amefanya vizuri," alisema. "Wampe kazi. Sauti anayo."

Walimpeleka kwenye nyumba ya wagonjwa huko Pasadena. Corinne alikuja mara mbili kwa mwaka, akakaa naye siku mbili tatu, akarudi kwao. Verna alihamia kituo cha televisheni, akawa anapiga chapa matangazo ya sabuni, na Jumapili alipanda mabasi mawili kwenda Pasadena. Mwaka wa kwanza Royce alimjua. Mwaka wa pili alimwita mama. Baada ya hapo hakumwita kitu, na Verna alikaa tu mpaka saa ya chai. Royce alifariki Novemba 1957, siku ya Jumanne. Verna alipewa habari kwa simu akiwa kazini, akaomba ruhusa, akanyimwa, akamalizia ukurasa aliokuwa nao.

Studio ilikuwa imeshughulikia kila kitu, jeneza, maua, na jiwe la kaburi la marumaru. Baada ya watu kuondoka, wale wanawake wawili walibaki pale makaburini Glendale wakilitazama jiwe. Lilisema Royce Tarrant, na mwaka wa kuzaliwa uliosogezwa mbele miaka minne, ule wa magazeti.

"Huu mwaka si wake," Corinne alimwambia fundi aliyekuwa akikusanya vifaa. "Wala jina si lake. Alikuwa Elmer Stubbe."

Fundi alivua kofia. Alikuwa mzee mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi. "Pole sana, mama. Mimi huchonga nilichoandikiwa."

"Unaweza kurekebisha?"

"Marumaru haina kifutio. Ningeambiwa wiki iliyopita..." Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, kama anayengoja mmoja wao aseme la kufanya.

Corinne alimtazama Verna. Verna alilitazama jiwe. Yule mzee alisubiri kidogo, kisha akafunga mkoba wake, akawaambia atakuwa nyuma ya kanisa anakula, kama watamhitaji.